Kitabu bila mwenye kukichunga ni chakula cha mchwa

Maneno tuliyosoma Epulu mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na vijana, tarehe 30 Aprili, siku ya masomo katika inchi yetu



Sisi ni vijana raia. Hatuna chama, hatuna silaha, hatuna mukubwa anayetulipa. Wengi wetu tulimaliza chuo kikuu, mwingine Bunia, mwingine Kisangani. Diplome tuko nayo, imelala ndani ya farde ya plastiki. Asubuhi tunatoka kwenda kuuza kredi ya simu, kuendesha pikipiki ya mtu mwingine, ao kukaa tu barazani. Kwa hiyo hatukuja hapa kujifanya wenye akili kuliko ninyi. Tumekuja kuwasemea kazi moja ambayo shule nyingi zetu zinaikosa na hakuna mtu anayeililia: kazi ya mwenye kuchunga vitabu vya shule. Tanzania na Kenya wanamwita mkutubi. Huku kwetu tumezoea bibliotekere. Mumwite vile munapenda. Sisi tunasema huyu mtu ni mwalimu, na shule bila yeye inapoteza hata kile kidogo ilicho nacho.

Tutaanza na kabati mbili, sababu sisi wenyewe tulipita mbele ya kabati hizo.

Ya kwanza ilikuwa katika shule moja ambayo jina lake tunaliacha, maana wanaofanya kazi pale leo si wale wa wakati ule. Mradi mmoja ulileta vitabu vipya, karto saba: vya kusoma, vya hesabu, vya hadithi. Siku ya kupokea kulikuwa picha, kulikuwa fanta, kulikuwa maneno matamu. Kisha karto zikaingia mu biro, zikawekwa juu ya simenti, mlango ukafungwa. Wazazi wakiuliza, jibu lilikuwa moja: “Batoto batabiharibisha.” Mwanafunzi akiuliza, anaambiwa: “Funguo iko na direkta, na direkta ameenda Mambasa.” Miaka mbili ikapita. Siku walifungua, karto za chini zilikuwa zimegeuka udongo. Mchwa walikuwa wamesoma vyote, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, kisha tukanyamaza, sababu mmoja wetu alimaliza darasa la sita katika shule ile bila kushika hata kitabu kimoja cha hadithi.

Kabati ya pili, katika shule nyingine kwenye barabara hii hii, ilikuwa mbaya kwa macho. Mbao za zamani, mlango bila kufuli, vitabu labda sitini, vingine bila jalada. Lakini kando yake kulikuwa mzee mmoja, mwalimu wa zamani mwenye mguu mgonjwa, ambaye hakuweza tena kusimama mbele ya darasa asubuhi nzima. Alikuwa na daftari. Jina la mutoto, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Miguu ya kabati aliisimamisha ndani ya mikebe ya tomati yenye mafuta machafu ya pikipiki, ili mchwa wasipande. Munajua unyevu wa msitu wetu: kila Jumamosi yenye jua alitoa vitabu nje, akavifungua kimoja kimoja. Vilivyopasuka alivishona kwa uzi wa gunia.

Ukirudisha kitabu, hakukuuliza kama umekimaliza. Alisema: “Unisemee neno moja yenye ulikuta mule.” Ukisema neno, analiandika kando ya jina lako. Ukikosa, anakurudishia kitabu bila kukasirika: “Enda, bado hamujaonana.” Mutoto aliyeogopa Kifaransa alimpa kwanza kitabu cha Kiswahili. Msichana aliyekosa shule siku za soko, alimtumia kitabu kwa mkono wa mdogo wake. Katika miaka tuliyokuwa pale, vitabu vinne vilipotea. Tunajua ni vinne sababu vyote viliandikwa.

Nani alimlipa? Wazazi. Kila mutoto alileta kitu kidogo, na shule ilimpatia mzee sehemu yake. Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yakawa bure, sawa vile Katiba ya 2006 ilivyosema katika kipengele cha 43. Tuliifurahia, na hata leo tunaisimamia. Kuna wadogo zetu ambao bila hiyo hawangeketi darasani. Lakini pesa ya wazazi ilipokatika, jina la mzee halikuwa kwenye listi ya mishahara. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwandikia barua. Katika karatasi kazi yake haikuwako, basi. Alikuja miezi mitatu bila kitu, kisha akaenda kulima. Mwaka uliofuata tulihesabu vitabu vilivyobaki: 11. Daftari bado iko. Kwenye mistari ya mwisho kuna siku ya kutoka, siku ya kurudi hakuna.

Wandugu, tunawaomba mulinganishe kabati hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa na vitabu vingi na vipya, haikuwa na mtu. Ya pili ilikuwa na mtu. Tofauti yote iko pale.

Watu wa Epulu hawahitaji tuwaeleze jambo hili sana. Hapa okapi walichungwa miaka mingi. Kila asubuhi kulikuwa mtu wa kuwakatia majani, na mtu huyo alijua mnyama gani anapenda jani gani, nani mgonjwa, nani ana mimba. Hakuna aliyewahi kusema: tujenge uzio, tutie okapi ndani, tufunge, turudi kisha miaka mbili. Na tarehe 24 Juni 2012, wakati kundi la Morgan liliposhambulia kituo, likaua watu, likachoma majengo, na okapi 14 wakafa, tulililia wanyama na tuliwalilia wenye kuwachunga. Tulijua kwamba ujuzi ulikuwa ndani ya watu. Sasa, sababu gani kwa vitabu tunafikiri kufuli inatosha?

Tuseme tena jambo lingine la hapa. Mwaka 1901 wataalamu wa Uingereza waliandika okapi katika vitabu vyao. Wakampa jina Okapia johnstoni, kwa heshima ya Harry Johnston, mtawala wao wa Uganda. Bambuti walikuwa wamemjua mnyama huyu tangu mababu, na hata neno okapi limetoka katika lugha za msitu huu. Lakini kwenye karatasi aliandikwa Johnston. Mwaka 1961 Mwingereza mwingine, Colin Turnbull, alitoa kitabu kuhusu maisha ya Bambuti aliokaa nao hapa hapa Epulu. Kitabu kile kimesomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani miaka zaidi ya sitini. Tunauliza hapa mbele: wangapi kati yenu mumekishika mkononi? Wanafunzi, wangapi?

Munaona.

Hatusemi kila alichoandika ni kweli. Kuna wasomi waliomkosoa, na wazee wa hapa labda wangemkosoa zaidi. Lakini ili umjibu mtu, lazima kwanza usome alichosema juu yako. Na ili mutoto wa Epulu asome, lazima kitabu kifike, kiwe na namba, kiwe na pahali, na kuwe mtu anayejua kusema: “Kiko hapa, keti, na neno gumu tutalitafuta pamoja.” Mtu huyo angeweza pia kuwa na daftari ya pili, ya kuandika yale wazee wanasimulia juu ya mito, miti, dawa na majina ya pahali. Wazee wanakufa. Kila mara tunazika mmoja, tunasema “amekwenda na mengi”, kisha tunarudi nyumbani.

Tutaje na ugonjwa wa Ebola. Ule uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliua zaidi ya watu 2,200 mpaka ulipoisha Juni 2020, na ulipita hapa katika teritware yetu ya Mambasa, Mandima na Biakato. Munakumbuka maneno ya wakati ule. Ebola ni biashara. Ebola ni siasa. Sindano inaua. Tuliyasoma kwenye simu, na wengi wetu tuliyatuma mbele bila kuuliza. Sisi wenye diplome pia. Tunakiri. Hakuna aliyetufundisha maswali matatu mepesi: nani amesema hii, amejua namna gani, na nani mwingine amethibitisha? Mkutubi mwema anafundisha maswali haya kila siku bila kuyaita somo. Mutoto anakuja: “Nimesikia nyoka fulani ana vichwa mbili.” Mkutubi anajibu: “Twende tutazame vitabu viwili vinasema nini.” Mutoto aliyezoea hivyo kwa miaka sita, siku moja atakuwa kijana mwenye simu. Hapo utaona faida yake.

Hatuwaambii mambo tuliyoota usiku. Marekani, katika jimbo la Colorado, mtafiti Keith Curry Lance na wenzake walitoa uchunguzi mwaka 1993: shule zenye maktaba nzuri na watu wa kuzihudumia, wanafunzi wao walisoma vizuri zaidi, hata walipolinganisha shule za maskini kwa maskini. Kenya, mwaka 1996, idara ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa, na mkutubi alitembea pamoja na mizigo. Walielewa kwamba ngamia anabeba vitabu lakini hawezi kumchagulia mutoto kitabu. Na UNESCO ile ile iliyoandika msitu wetu kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, mwaka 1999 ilikubali tangazo la maktaba za shule pamoja na shirika la wakutubi la dunia. Karatasi ya kwanza kila mukubwa anaitaja katika hotuba. Ya pili tumeisikia lini?

Sasa tunajua maswali mutakayotuuliza, sababu tuliulizana wenyewe usiku kucha.

La kwanza: “Shule haina paa, walimu wengine hawalipwi, na ninyi munataka mkutubi?” Swali hili lina haki. Hatutaki mwalimu hata mmoja apoteze franka moja kwa ajili ya neno letu. Lakini tazameni: vitabu vinaletwa hata sasa. Pesa ya kuvichapa ilitoka, pesa ya lori ilitoka, pesa ya fanta ya sherehe ilitoka. Kilichokosa ni mshahara mdogo wa mtu mmoja, na kwa kukosa huyo, pesa yote ya mbele ikaliwa na mchwa. Anayesema hana pesa ya mkutubi ajue kwamba tayari anapoteza pesa nyingine. Tena si lazima kila shule iwe na wake siku ya kwanza. Shule tatu za karibu zinaweza kugawana mtu mmoja, sanduku moja na pikipiki moja.

La pili: “Mwalimu mwenyewe anaweza kuchunga vitabu.” Mwalimu mwenye watoto zaidi ya hamsini darasani, anayetoka pale kwenda shambani ili ale? Tumuache. Programu ya serikali inataka mutoto aanze kwa lugha ya taifa, kwetu Kiswahili, kisha Kifaransa kinamngojea mbele. Pale katikati ndipo wengi wetu tulikwama. Mutoto anavuka daraja lile kwa kusoma vitabu vingi vidogo, kimoja kimoja, kila wiki, na mtu anayefuata hatua zake. Darasa peke yake haliwezi.

La tatu munaliogopa kulisema, basi tulisemee: “Hawa vijana wanatafuta kazi yao.” Ndiyo. Tunatafuta kazi, na hatuoni haya. Mulituuzia mbuzi na mashamba ili tusome. Lakini tunaweka sharti juu yetu wenyewe: kazi hizi zitolewe kwa mashindano ya wazi, karatasi zibandikwe ukutani, na wa kwanza kufikiriwa wawe wale waliochunga vitabu miaka mingi bila mshahara. Mwenye diplome aje nyuma yao, ajifunze.

Kuna vijana wenzetu waliopita njia hii. Afrika Kusini, harakati ya Equal Education ilizaliwa Khayelitsha, Cape Town, mwaka 2008. Mwaka 2009 walianza kudai: shule moja, maktaba moja, mkutubi mmoja. Wakati ule kule, kwa shule 100 za serikali, karibu 8 tu zilikuwa na maktaba inayofanya kazi. Wanafunzi walitembea kwa maelfu mjini Cape Town, bila jiwe hata moja. Mwaka 2013 serikali yao ilitoa kanuni za majengo ya shule, na maktaba imo. Tuwapongeze, na tuchukue fundisho: kanuni zile ni za majengo, na mshahara wa mkutubi haujengwi kwa matofali. Sisi tuanze kwa kuomba mtu. Nyumba itamfuata.

Kwa hiyo, mbele yenu wote, tunaomba hivi:

1. Wizara ya masomo na wakubwa wake wa Ituri: kazi ya mkutubi wa shule iwe na mstari wake kwenye listi ya mishahara, kuanzia shule za msingi. Wale waliofanya kazi hiyo kwa pesa ya wazazi mbele ya 2019 watafutwe kwa majina.

2. Mashirika na miradi: asiyekuwa na pesa ya mtu na ya rafu asilete vitabu. Karto mbili pamoja na mtu wa miaka mbili ni bora kuliko karto ishirini na picha.

3. Wasimamizi wa shule za dini: fungueni biro zenu wiki hii, muhesabu vitabu vilivyomo, na hesabu ibandikwe mlangoni.

4. Nafasi zikitolewa, wanawake na vijana wa Bambuti wasiwekwe nyuma. Mutoto anayemwona mtu wa kwao akichunga vitabu anajua kwamba vitabu ni vyake pia.

5. Wazazi: mwenye kitabu cha shule nyumbani akirudishe. Hatutaandika jina, hatutauliza kilikaa miaka mingapi. Hata kile kilichofungiwa karanga tutakishona.

Hatutakaa kungoja Kinshasa. Kuanzia Jumamosi inayokuja, wawili kati yetu watafungua kabati moja hapa, bila malipo, kutoka saa mbili mpaka saa sita. Mbao tumepata, mikebe ya tomati tuko nayo. Kila mwisho wa mwezi tutatangaza hesabu: vitabu vingapi vilitoka, vingapi vilirudi, vingapi vilipotea. Tukishindwa mutaona, maana namba zitakuwa mbele yenu. Lakini tunasema wazi: hii si jibu. Kijana wa kujitolea anaweza kuondoka kesho akipata kazi mu mine ao mjini, na hatutamlaumu. Mzee wetu pia alijitolea, mpaka njaa ikamshinda. Tunafanya hivi ili tuoneshe kwamba inawezekana, kisha anayepaswa kulipa alipe.

Wiki iliyopita tulimfuata mzee shambani kwake tukamwomba atufundishe. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa jembe lake, akatuuliza jambo moja tu:

“Hata Jumamosi ya mvua mutakuja?”

Tulijibu ndiyo. Basi siku ya mvua mupite mutazame kama tuko pale.



Vijana raia wa Epulu na Mambasa